Visa vya kudai madeni: viwe kumbukumbu, hadithi fupi au riwaya?

Aliyedai madeni kwa miaka mitano kati ya Nakuru na Kisumu hakosi visa. Kuna kijana wa bodaboda aliyeingia mitini na pikipiki ya mkopo hata wiki ya tatu haijafika. Kuna kundi la akina mama kumi lililolazimika kumlipia mwenzao aliyekopa mtaji, mtaji ukaishia kwenye matanga. Kuna mwalimu ambaye simu yake huzimika kila tarehe 28, mshahara unapoingia, na kuwaka tena tarehe 3. Visa hivi vikisimuliwa penye chai, watu husema, "Wewe andika kitabu." Wanachosahau ni kwamba kila kisa cha deni kina wenyewe wawili, na mdaiwa hakukutuma umwandike.

Ndiyo maana aina ya kitabu huamuliwa mapema, kabla ya jina la kitabu na kabla ya kutafuta mchapaji. Njia zinazofaa ni tatu. Katika kumbukumbu unasimulia kwa jina lako, na kila jambo lilitokea. Katika mkusanyiko wa hadithi fupi, visa ni vya kweli kwa mizizi yake lakini watu ni wa kubuni. Riwaya ni hadithi moja ndefu. Ya nne, mwongozo wa kazi, tuiache: wasomaji wake ni maofisa wa mikopo peke yao, huchakaa kila kanuni zinapobadilika, na visa vyako humo hugeuka mifano ya mistari minne.

| | Kumbukumbu | Hadithi fupi | Riwaya |
|---|---|---|---|
| Urefu wa kawaida | maneno 50,000–70,000 | hadithi 12–15 za maneno kama 3,000 kila moja | maneno 60,000–80,000 |
| Visa unavyohitaji | 8–10 vilivyokubadilisha wewe | 30, ubakize 12 | kimoja kikubwa, vidogo vya kukishikilia |
| Hatari ya kushtakiwa | kubwa | ndogo ukificha vizuri | ya kati |
| Kinachoua mswada | kujitetea | visa kufanana | kuishiwa pumzi katikati |

Kumbukumbu

Msomaji wa kumbukumbu anakuamini tangu ukurasa wa kwanza. Anataka kujua ofisi ile hukaaje: shabaha ya mwezi inavyoandikwa ubaoni, kamisheni inavyohesabiwa, madeni yanavyogawanywa kwa umri wa siku 30, 60 na 90, na kwa nini deni likipita siku 90 benki hulihesabu kuwa mkopo mbovu na sauti ya anayepiga simu ikabadilika. Mwandishi wa nje hawezi kuyabuni hayo yakakolea.

Lakini kumbukumbu ni hadithi ya anayesimulia. Mdaiwa akiwa ndiye anayelia, anayechekesha na anayedanganya kila ukurasa, na wewe umesimama kando na faili kwapani, umeandika umbea. Kabla ya sura ya kwanza, orodhesha mambo matano uliyoyafanya kazini ambayo hungependa mama mkwe wako ayasome. Ulimpigia nani ambaye hakuwa mdhamini? Ulisimama ukiangalia godoro la nani likitolewa nje? Ulimwambia nini mtoto aliyepokea simu ya babake? Orodha isipofika matano, au ukikuta kila jambo umelitafutia kisingizio, achana na kumbukumbu.

Orodha ikifika, tazama tarehe zake. Tangu Machi 2022, kanuni za Benki Kuu ya Kenya kwa watoa mikopo ya kidijitali zinakataza vitisho, matusi, kutangaza majina ya wadaiwa, na kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Kuungama kwa maandishi kwamba ulifanya hivyo mwaka 2017 ni jambo moja. Kuungama ya mwaka 2023 ni kumpa wakili wa mtu mwingine kazi nyepesi.

Kikwazo kikubwa zaidi ni ushahidi. Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kukashifu mwaka 2017, lakini aliyechafuliwa jina bado ana miezi 12 ya kufungua kesi ya madai na kutaka fidia. Ngao yako kuu ni kwamba uliyoyaandika ni kweli, na ni wewe unayetakiwa kuthibitisha. Uthibitisho uko wapi? Kwenye faili za mwajiri: rekodi za simu, taarifa za mkopo, barua za onyo. Ukiondoka nazo unavunja mkataba wa kazi, ambao kwa kawaida una kifungu cha usiri kinachodumu hata baada ya kuacha kazi, na unajiingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Usipoondoka nazo, huna cha kumwonyesha hakimu. Kifungu cha 52 cha sheria hiyo kinawapa waandishi wa fasihi nafasi, ila mwandishi lazima awe na sababu ya kuamini kwamba kuchapisha kuna manufaa kwa umma. Kichekesho cha mama mboga aliyejificha chini ya kitanda hakina manufaa hayo, hata kiwe kitamu vipi.

Kwa hiyo kumbukumbu inamfaa aliyebadilishwa na kazi hii kiasi kwamba wadaiwa wanaweza kubaki vivuli: "mzee mmoja", "mwenye duka", bila mji. Kitabu chake kinahusu ofisi na dhamiri yake mwenyewe. Watu wa namna hiyo wapo, lakini ni wachache kuliko wanaojidhania.

Hadithi fupi

Hapa ndipo wengi wa watu wa madeni wana mali, na ndipo tungemshauri mwandishi wa kwanza aanzie. Ubaya wake ni kwamba inaonekana rahisi.

Chukua daftari na uandike visa 30, kila kimoja ukurasa wake, mistari sita: pesa zilikopwa za nini, nani aliweka dhamana, nini kiliharibika, uongo wa kwanza ulikuwa upi na nani aliusema, nani mwishowe alibeba mzigo, nini hakikusemwa na mtu yeyote. Andika kutoka kichwani. Jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho visionekane hata kwenye rasimu, kwa sababu rasimu hupitapita WhatsApp na kompyuta huibwa.

Soma kurasa hizo kwa kufuatana na utaona ishirini ni kisa kile kile: simu, uongo, ziara, aibu, malipo. Msomaji atavumilia mara mbili, ya tatu ataweka kitabu chini. Pa kuchujia ni nguvu. Visa ambavyo ofisa anashikilia mpini mwanzo hadi mwisho, bakiza viwili tu. Tafuta vile ambavyo mpini unahama mkono: kundi linalolipa hadi senti ya mwisho lakini linakataa kusema mwenzao alikokimbilia, mzee wa Ahero anayemwandalia ofisa kuku kwanza, na ofisa akishanawa mikono hawezi tena kupandisha sauti, mdhamini anayeijua sheria kuliko aliyetumwa, ofisa anayekopa kwa shailoki, mkopeshaji wa mtaani wa riba kali, ili afikishe shabaha ya mwezi. Mstari wa sita wa daftari ndio mara nyingi unaobeba hadithi, na ndio watu huruka.

Mpangilio wa kitabu usikusumbue. Umri wa deni unautoa. Hadithi za mwanzo ziwe za siku saba za kuchelewa, ofisa bado anasema "mama" na anajibiwa "mwanangu". Za katikati ziwe za siku 30 na 60, salamu zimefupika. Za mwisho ni za baada ya siku 90, dalali wa kunadi mali yuko njiani. Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga walishakuchorea njia.

Sasa kuficha watu, ambako ndiko kazi yenyewe iliko. Kubadilisha jina peke yake hakufichi kitu. Kwenye soko la ukubwa wa Luanda kule Vihiga, au Chwele kule Bungoma, watu hutambuana kwa mambo manne: bidhaa, mahali pa kibanda, kiasi cha deni na tukio lililowapata. Ukiacha mawili kama yalivyokuwa, soko zima linamjua kabla ya saa nne asubuhi. Badilisha angalau matatu, ubakize lile ambalo hadithi haiwezi kusimama bila hilo. Njia iliyo bora zaidi ni kuunganisha: chukua biashara ya mdaiwa mmoja, familia ya mwingine na uongo wa wa tatu, uwe na mtu mmoja ambaye hajawahi kuwako.

Wengi huharibu hapo, kwa sababu deni limefungwa kwenye kalenda ya biashara. Tuseme mdaiwa wa kweli aliuza omena Kibuye na malipo yakakatika Aprili, uvuvi wa omena unapofungwa hadi mwisho wa Julai. Ukimhamishia soko la Wakulima, Nakuru, na kumfanya muuza viazi, Aprili inakuwa haina maana. Viazi vya Molo hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, na bei huporomoka wakulima wote wakivuna kwa pamoja; basi chanzo cha kushindwa kulipa nacho kihame, awe alinunua magunia kwa bei ya juu wiki moja kabla ya mporomoko. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia au Bungoma hupanda Machi na Aprili, akavuna kuanzia Oktoba. Mpe mkopo wa kulipwa kila wiki kuanzia Mei, na msomaji wa Kitale ataona balaa kabla ofisa hajaiona. Mwenye miwa ndiye mgumu kuliko wote: husubiri miezi 18 au zaidi miwa ikomae, kisha aanze kusubiri kiwanda. Ukibadilisha biashara, kagua pia ada za shule, mvua na siku za soko.

Hesabu nazo zina mkia. Mkopo wa shilingi 30,000 wenye riba ya asilimia 20 isiyopungua kadiri mtu anavyolipa unakuwa 36,000. Kwa wiki 24 ni 1,500 kila wiki. Ukiamua kuufanya 45,000 ili mtu asitambulike, kwa riba ile ile jumla ni 54,000 na wiki moja ni 2,250. Mwandishi hubadilisha kiasi kwenye ukurasa wa pili na kusahau kwamba ukurasa wa tisa mdaiwa bado anahesabu noti tatu za mia tano. Mtu aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama cha akiba atakupigia hesabu hiyo kwa penseli ukingoni.

Jaribio la mwisho halina gharama. Mpe hadithi mtu anayelijua soko lenyewe, usimweleze kitu, kisha umuulize: "Huyu anakukumbusha nani?" Akitaja mtu halisi uliyemwandika, rudi ukafiche upya. Akitaja mtu mwingine kabisa kwa uhakika, rudi pia, maana umemvisha mtu asiyehusika deni lisilo lake, na huyo ana haki zaidi ya kukasirika. Ile sentensi ya mwanzoni mwa kitabu, kwamba wahusika wote ni wa kubuni, haimponyi mwandishi ikiwa majirani wanamtambua mtu.

Riwaya

Riwaya inakufaa ukiwa na kesi moja kubwa iliyokula mwaka au zaidi, hasa ya shamba au nyumba iliyowekwa rehani. Saa yake inatolewa na sheria. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, mkopeshaji hutoa kwanza notisi ya miezi mitatu ya kurekebisha malipo, kisha notisi ya siku 40 ya nia ya kuuza. Dalali naye, kwa kanuni zake, humpa mwenye mali siku 45 za kuikomboa. Zikifuatana, ni zaidi ya siku 170 kabla ya nyundo kulia. Hiyo ni nafasi tosha ya watoto kurudi kutoka Nairobi, ndugu kugawanyika, na shamba kuanza kuzungukwa na wanunuzi. Sheria hiyo hiyo inataka mwenzi wa ndoa akubali nyumba ya familia iwekwe rehani. Swali kwamba mke alisaini akijua anachosaini linaweza kubeba nusu ya riwaya peke yake.

Makosa ya sheria ndiyo huwaumbua waandishi wa riwaya za madeni. Ofisa wa mikopo si dalali. Dalali hupewa leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996. Mali inayohamishika haibebwi siku ile ile: dalali huiorodhesha, akaacha notisi ya siku saba. Katika kutekeleza hukumu ya mahakama, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko havikamatwi. Kwa hiyo tukio lile pendwa la sufuria za ugali kutupwa kwenye pikapu liandikwe kama uvunjaji wa sheria, na mtu mmoja kwenye hadithi ajue hivyo, hata akikosa ujasiri wa kusema.

Udhaifu wa riwaya uko katikati. Kumbuka deni peke yake hujua mambo mawili tu, kulipwa au kutolipwa, na msomaji akishaelewa anasubiri lipi, mvutano umekwisha. Mdai na mdaiwa wanahitaji uzi wa pili: walisoma darasa moja, au wanaabudu kanisa moja, au ofisa anapanga chumba kwa dada ya mdaiwa. Usipokuwa nao, kesi yako ni hadithi fupi ndefu. Hatari ya kutambulika nayo ni kubwa kuliko kwenye mkusanyiko, kwa kuwa mtu mmoja anachorwa kwa kurasa 250 na kila ukurasa unaongeza alama.

Lugha, kwa njia zote tatu

Andika namna watu wanavyoitana. Mdaiwa wa Kondele ni Mama Otieno, wa Free Area ni Mama Wanjiru; jina lake la kitambulisho hutokea kwenye barua ya onyo tu, na hapo linaumiza. Neno moja la Kidholuo au Kiluhya kwenye mazungumzo linatosha, mradi tendo linalofuata lilieleze. Ujumbe wa simu wa kudai uache na ukavu wake, "Ndugu mteja, deni lako limepita muda", maana ukavu huo ndio ulioufanya uogopwe. Wanaoulainisha ili upendeze hupoteza hofu yote.

Mchapishaji au mfuko wako

Wachapishaji wakubwa wa Kenya huishi kwa vitabu vya shule. Mswada wa hadithi fupi za Kiswahili sanifu una mlango kwao, riwaya pia, kumbukumbu ya mtu asiyejulikana mara chache sana. Faida ni mhariri na wakili watakaosoma kabla ya umma kusoma. Mrabaha, fungu la mwandishi katika mauzo, huzunguka asilimia 10, na kusubiri kwa mwaka au zaidi ni kawaida. Ukiwa na kumbukumbu na unachapisha mwenyewe, mlipe wakili asome. Hiyo ni gharama ya kitabu kama karatasi ilivyo.

Kwa anayejichapishia, mkusanyiko wa maneno 40,000 kwenye ukubwa wa A5, herufi za pointi 11, hutoa maneno kama 280 kwa ukurasa, yaani kurasa 143. Ongeza kurasa za mwanzo na nafasi za kuanzia hadithi, ufikishe 160, namba inayogawanyika kwa 16 ili mchapaji asikuachie kurasa tupu. Omba bei kwa maelezo kamili: karatasi ya gramu 80, jalada la gramu 300, kubandikwa kwa gundi, idadi ya nakala. Ukingo wa ndani usipungue milimita 20, la sivyo maneno yatazama kwenye gundi. Chini ya nakala 300, mashine ya kidijitali kwa kawaida ni nafuu. Ofseti, uchapaji wa mabamba, huanza kulipa kuanzia 500, kwa sababu gharama ya bamba hugawanywa kwa nakala zote. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS. Haki yako ya kunakili inazaliwa unapoandika, lakini kuisajili kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hukupa cheti cha kuonyesha siku ya ugomvi.

Piga hesabu ya duka kabla ya kuagiza. Ukichapa kwa 250 kwa nakala, ukauza 600, na duka likachukua asilimia 35, yaani 210, unabaki na 140. Mauzo ya mkononi hukuachia 350. Watu wa madeni, ajabu, husahau jambo moja: duka hulipa baada ya kuuza, tena kwa kufuatwa, na vitabu vilivyoachwa Kakamega bila hati ya makabidhiano ni mkopo usio na dhamana.

Jalada lisiwe picha uliyopiga sokoni. Mwandishi anaweza kuficha bidhaa, mtaa na kiasi kwa miezi minane, kisha akaweka mbele kibanda chenye rangi na namba ya kibali inayosomeka. Tumia mchoro, au picha ya kitu: daftari la kundi lililokunjika pembe, simu ya vibonye, kadi ya malipo yenye wiki zisizo na sahihi.